Zuwena Anakunywa Maji

Jumatano, 8 Februari

Msasa tena. Asubuhi nzima. Vumbi la rangi puani, kwenye nyusi, ndani ya chai. Mzee amekaa kwenye kiti chake cha plastiki chini ya turubai, chupa ya chai mapajani, ananionyesha kwa bakora pale ambapo sijasugua sawasawa. Pale. Na pale. Macho hayasomi gazeti, lakini doa la vanishi la ukubwa wa ukucha yanaliona.

Niliajiriwa kumpikia, kumfulia na kumkumbusha dawa. Hakuna aliyetaja mashua.

Ni ya mbao, ndogo, ya tanga moja. Watu watatu wakikaa wanagusana magoti. Aliinunua zamani kwa Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao. Mkewe aliichukia, basi akaipa jina lake, Zuwena, ili anyamaze. Hakunyamaza, anasema. Tangu Bi Zuwena afariki, mashua imekaa juu ya magogo kwenye yadi hii ya kando ya Khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, miaka mitatu inapigwa na jua la Dubai. Mbao zimekauka zikasinyaa. Ukichungulia kutoka ndani unaona mwanga kwenye maungio. Vijana wa yadi wamezoea fiberglasi, na Mzee hataki waiguse. Mikono yake yeye inatetemeka. Kwa hiyo mikono ni yangu.

Tumerudi Bur Dubai kwa teksi. Dereva katuangalia miguu yetu na viti vyake. Nimepika, nimefua, mgongo unauma.

Ijumaa, 10 Februari

Leo hakuna yadi, alhamdulillahi.

Mzee kaenda msikitini kwa miguu, ni hapo chini tu. Kurudi ndiyo shughuli. Lazima asalimiane na muuza vitambaa, na kinyozi, na yule wa kahawa, na kila mmoja aulizwe watoto wake wote kwa majina. Nimesimama juani nikimngoja. Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kasema chumvi kidogo. Nimemwambia amlaumu daktari.

Jumapili, 12 Februari

Sir Nasri amekuja. Mwana wa pekee wa Mzee, anakaa JLT kule juu kabisa kwenye mnara, na ndiye kafeel wangu, mdhamini wa visa yangu. Mzee alikuwa amesinzia mbele ya televisheni. Sir akanifuata jikoni, akashusha sauti.

Kabla ya Ramadhani Mzee anahamia kwao. Flati hii inarudishwa kwa mwenyewe. Kwao housemaid yupo tayari. Visa yangu itafungwa, nitakatiwa tiketi ya nyumbani. "Sorry sana, Rukia. It's not about you." Akaomba picha ya ukurasa wa pasipoti yangu. Nikampa, kitunguu mkononi.

Akanieleza na habari ya kiapo. Bi Zuwena alipokuwa anaondoka alimwapisha Nasri asimhamishe baba yake kwa nguvu. Mzee naye kasema sawa, nitahama, lakini si kabla Zuwena hajarudi majini na mie nikazunguka naye mara moja. Nasri kakubali. Ni mtu wa neno lake, hilo namkubalia.

Yaani wiki zote hizi nimekuwa najisugulia tiketi yangu mwenyewe.

Nisimwambie Mzee habari ya visa, kasema. Mzee anadhani tunahama pamoja.

Nyumbani kuna mama na mwanangu Athmani, wote wanakula kwa mkono wangu. Kutafuta kafeel mwingine, kuanza tena na madam asiyenijua, kulala store na mashine ya kufulia kama kule Sharjah. Na umri huu. Sitaki. Nimeandika na nitaandika tena: sitaki.

Jumanne, 14 Februari

Nimesugua polepole.

Mzee kauliza, "Leo umechoka, mwanangu?" Nimechoka. Hapo sikusema uongo.

Alhamisi, 16 Februari

Nikisugua haraka naondoka. Nikisugua polepole naonekana mvivu. Mkono wa kulia umevimba kifundoni. Mzee kanipaka mafuta ya karafuu, yeye mwenyewe, na mikono yake ile inayotetemeka. Nusu ya mafuta imekwenda kwenye zulia. Nikamgombeza kwa ajili ya zulia. Nilitaka kumgombeza kwa jambo jingine.

Jumanne, 21 Februari

Leo Mzee kapelekwa kliniki na Sir. Kaniambia niende yadi peke yangu nimalize kufagia ndani ya mashua, pamba tutaanza kutia kesho. Ile pamba ya kalafati, ya kuziba maungio.

Moses kaja kunisaidia. Ni askari wa mlangoni pale kwenye mnara wa Sir Nasri, Mganda, kila tukienda ndiye anayetufungulia na kumshika Mzee mkono. Jumanne ndiyo off yake. Badala ya kulala kaja na boksi zima la silikoni alilopewa na mafundi wa jengo, na ile bunduki yake ya kukamulia. "Sister, hii hata maji ya swimming pool haipiti." Nikamwambia Mzee anataka pamba. Akacheka. Pamba ni ya sikio, kasema.

Ni kijana wa watu, ana moyo, na mimi mkono unauma. Nikamwacha. Kufika alasiri maungio yote yamezibwa, meupe, laini, yamenyooka. Hakuna mwanga unaopita popote. Nikampa soda na chapati. Nikajiambia Mzee atafurahi.

Halafu nikakumbuka kwamba kazi ikiisha mapema naisha na mimi.

Jumatano, 22 Februari

Hakufurahi.

Alipitisha kidole kwenye ungio. Akabonyeza. Ikabonyea, ikarudi. Akauliza ni nani. Nikasema ni sisi. Akakaa kwenye kiti chake, bakora katikati ya magoti. Nilidhani atapiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Haya ni mapenzi, mwanangu," kasema. "Lakini si kalafati."

Akanieleza. Mbao zikiingia majini zitakunywa na kuvimba. Pamba inakubali kubanwa. Silikoni ikijaa hivi haiachi nafasi, mbao zitasukuma mpaka zivunje mbavu za mashua. Na rangi haishiki juu yake. Lazima itoke yote, mpaka utandu wa mwisho. "Hapa kila kinachotoboka wanakipaka silikoni. Choo, dirisha. Wakiweza na moyo wataupaka."

Nimeona haya. Nimeona haya sana. Na chini ya haya nimefurahi, maana kazi imeongezeka. Sijipendi leo.

Jumamosi, 25 Februari

Kukwangua. Kisu, patasi, kucha. Silikoni inatoka uzi mmoja mmoja, mwingine unakatika, unarudi kuutafuta. Silali vizuri. Nikifumba macho naona nyuzi nyeupe.

Mzee naye anakwangua. Kachukua kisu kidogo cha jikoni akaanza upande wake. Nimemkataza, hasikii. Leo kamaliza ungio la urefu wa mkono, akajikata kidole, akalifunga jeraha kwa kitambaa cha pua akaendelea. Pumzi fupi. Nikapiga hesabu ya dawa kichwani.

Jumanne, 28 Februari

Moses kaja tena. Nilimwambia kwa simu, hakujibu, nikadhani kanuna. Kaja na wembe wa kukwangulia vioo na uso umeshuka. Akapiga magoti mbele ya Mzee, kama wanavyosalimia kwao, akasema, "Muzee, nisamehe, mimi niliharibu." Mzee akamshika kichwa akasema inuka, kuna kazi.

Tumekwangua watatu. Moses akiimba nyimbo za kanisani chini kwa chini, Mzee na tasbihi yake ya mdomoni, mimi katikati natukana silikoni. Ilikuwa siku nzuri. Naandika kwa sababu nitasahau.

Alhamisi, 2 Machi

Imetoka yote. Pamba imeanza. Unaisokota, unailaza kwenye ungio, unaigonga kwa patasi butu. Si kwa nguvu. Mzee kasema igonge kama unamlaza mtoto. Nimegonga. Vidole havikunji.

Jumapili, 5 Machi

Sir Nasri kafika yadi bila kupiga simu. Viatu vyeusi vinang'aa kwenye vumbi. Kauliza kwa nini bado. Mzee kasema maungio. Sikutajwa, wala Moses.

Sir kakasirika kwa adabu, ndivyo anavyokasirika. Ramadhani inakaribia, chumba kiko tayari, kitanda cha hospitali kimenunuliwa, wajukuu wanamngoja. Anataka wafuturu pamoja kila siku, babake asiwe peke yake na mwanamke mmoja na moyo mbovu. Kama shida ni mashua, atamnunulia ya plastiki, mpya, kesho. Mzee kamwangalia hivi. Kasema, "Na mama yako ungemnunulia wa plastiki?"

Nikageuka upande wa pili nisionekane nacheka.

Lakini Sir kashinda. Kawalipa vijana wawili wa yadi wapake puti na rangi, Mzee awasimamie. Yalla, yalla, wiki ijayo majini. Mzee kakubali. Kwa nini kakubali sijui. Nina hasira naye kwa kukubali.

Jumatano, 8 Machi

Vijana wawili wamefanya kwa siku tatu kazi ambayo ningeivuta mwezi. Bluu chini, nyeupe juu. Mzee kapoteza sauti kwa kuwafokea. Mlingoti nao umepakwa vanishi.

Ni nzuri. Nachukia kusema. Ni nzuri sana.

Jumamosi, 11 Machi

Imeingia majini.

Winchi ikaishusha taratibu, Mzee akasoma Fatiha, Sir akarekodi kwa simu. Ikaelea kidogo hivi. Halafu maji yakaanza kuja. Kila ungio, machozi kwanza, kisha mistari, kisha ikawa kisima. Kabla hatujamaliza chai ilikuwa imekaa chini, maji yamefika kwenye viti vya ndani, juu umebaki ukingo na mlingoti.

Sir kashusha simu. "Baba, khalas. Hii imeoza. Enough now." Akamwita foremeni aipandishe ikatupwe. Na mimi nilidhani ndiyo hivyo, tumeiua, pamba yangu nimeitia vibaya.

Mzee hakushtuka hata kidogo. Kakaa kwenye gati, kavua makubadhi, kaiweka miguu majini.

"Anakunywa," kasema. "Miaka mitatu hamjampa maji, mnataka asinywe?"

Ataiacha hapo ifungwe kwenye gati. Mbao zitavimba, pamba itabanwa, maji yatapungua siku hadi siku mpaka yaishe. Ndivyo zilivyo za mbao. Siku itakayokauka ndani ndiyo siku ya kuzunguka. Sir kauliza itachukua muda gani. "Muulize yeye," kasema Mzee, akaionyesha mashua.

Sir hakuuliza. Kanitazama mimi. Nipige ripoti kila siku, kasema.

Jumatatu, 13 Machi

Sasa kazi yangu ni ndoo. Kila asubuhi basi, gati, ndoo. Mzee anaita kufua maji: unachota ndani, unamwaga nje. Ukimaliza unakaa, yanarudi, unaanza upya. Kufua nguo jioni, kufua maji asubuhi. Mgongo si wangu tena.

Magharibi Sir kapiga. "Imekauka?" Mzee kajibu, "Bado." Ni kweli.

Jumatano, 15 Machi

Yamepungua. Jana yalifika gotini, leo chini ya goti.

"Imekauka?" "Bado."

Nimeanza kusikiliza yakipenya. Maungio ya upande wa kushoto yamefunga. Yale ambayo Mzee alikwangua mwenyewe.

Ijumaa, 17 Machi

Maji ya kifundo cha mguu.

Sir kaleta maboksi ya kuhamia. Yapo ukumbini, yamekunjwa, nayaruka nikienda jikoni. Mzee anayaangalia kama wageni wasioaga.

Baada ya swala ya Ijumaa muuza vitambaa kamuuliza Mzee kama mwaka huu pia atakuwa anawasomea Kurani baada ya alasiri. Anafanya hivyo kila Ramadhani, kabla hata sijaja. Kajibu inshallah. Kule kwa Sir msikiti ni wa kwenda kwa gari. Nani atamjua.

Nilikuwa najihurumia mwenyewe mwezi mzima. Leo nimemhurumia yeye. Inachosha zaidi.

Jumatatu, 20 Machi

Kikombe cha chai. Ndiyo maji yote yaliyokuwemo. Nimeyafuta kwa kitambaa.

Nikakaa kwenye kiti cha mashua. Haikutikisika. Imekuwa nzito, imetulia. Sir kapiga, Mzee kasema bado, na bado ilikuwa kweli, kikombe kimoja.

Nimetoa begi juu ya kabati. Zipu imekwama. Nimelirudisha.

Jumanne, 21 Machi

Kavu.

Nimeingiza mkono chini kabisa, kwenye pembe ambako maji hujificha. Vumbi. Hakuna tone.

Mzee alikuwa bado njiani, leo analetwa na Moses. Nilikuwa peke yangu. Basi nikaichukua ndoo, nikaiinamisha baharini, nikaijaza mpaka juu. Nikasimama nayo ndani ya mashua. Kumimina tu. Nani angejua? Ndoo mbili kila asubuhi na Ramadhani inaingia hatujahama, na mwezi wa Ramadhani hakuna atakayembebesha maboksi mzee aliyefunga. Nilifikiri hivyo, wazi kabisa, kwa utulivu.

Nikainua macho. Mzee amesimama kwenye gati, Moses kamshika kiwiko. Wameiona ndoo. Mikono ikaanza kuniuma. Nikayamwaga maji baharini.

Nikamwambia, "Mzee, imekauka."

Kashuka kwa shida, kapitisha kiganja chini kama nilivyofanya mimi. Kakinusa. "Ameshiba," kasema. Basi.

Magharibi simu ikalia. Hakuipokea. Kaniambia niseme yuko kwenye swala, na akaenda kuswali, ili nisiseme uongo. Usiku wakatangaza mwezi haukuonekana. Kufunga ni Alhamisi. Imebaki siku moja, na siku moja inamtosha Sir kwa maboksi yale.

Jumatano, 22 Machi

Tumezunguka.

Mimi na yeye tu, Moses yuko zamu. Kijana wa yadi katusukuma. Sijui kuogelea, mtu wa pwani mzima, wa Kisauni, na nilikuwa nimevaa lile koti la kuelea mpaka masikioni. Mzee kashika usukani. Mikono yake ikitetemeka vilevile, haikuacha. Kaniambia vuta kamba hii, nikavuta, tanga likajaa, tukaenda. Si mbali. Mpaka kwenye boya jekundu na kurudi. Upepo mdogo. Maji yalikuwa yanapita chini ya mbao na ndani hakuna hata unyevu.

Nilidhani atalia, au atamtaja marehemu kwa maneno mazito. Kasema, "Angekuwepo angekuwa ameshatapika." Akacheka mpaka akakohoa.

Tulipofunga gatini simu ikalia. Kaweka sauti ya nje kwa sababu sikio moja halisikii.

"Baba, vipi? Imekauka?"

Kamba ilikuwa bado mkononi mwake, imelowa. Kanitazama.

"Bado, mwanangu. Bado anavuja. Na kesho tunafunga, siwezi kuhama nimefunga. Tutaona baada ya Idi."

Nilisikia lifti ya ofisini kwake ikilia. Nadhani anajua. Si mjinga, na vijana wa yadi wana simu.

"Sawa, Baba," kasema mwisho. "Ramadhani karimu. Msalimie Rukia."

Mzee kazima simu kwa kidole kimoja, mara tatu, mpaka ikakubali. "Uongo huo ilikuwa lazima niuseme leo," kasema. "Kesho nimefunga."

Halafu akasema, huku anatafuta makubadhi yake, kwamba siku ile jikoni hakuwa amelala. Nasri ana sauti ya mama yake, hata akinong'ona anasikika mpaka sebuleni. Na kwamba kwenda kwa Nasri atakwenda, hana la kukwepa, lakini huo mwezi mmoja atautumia kunitafutia mimi kafeel miongoni mwa watu wa msikitini, mtu mwenye jiko la maana. "Wanakula wali wako kila Ramadhani. Watagombana."

Sikulia. Nilikuwa nimechoka mno. Nimesema tu, haya, vaa viatu, dawa ya saa saba inapita.

Sijui kama atampata. Mwezi mmoja si mwingi. Lakini jana sikuwa nao.

Maboksi nimeyasukuma nyuma ya mlango. Nimepanga tende. Mzee ametoka, yuko chini kwenye baraza la kinyozi, namsikia kutoka dirishani anapanga nao nani asome juzuu gani. Nimeosha sufuria, nimeloweka mbaazi za futari.